Soketi ya Dirishani

Stoo ya gereji ilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha hilo lilikuwa na kizingiti cha mbao, kipana kama kiganja cha mtu mzima. Kwa miaka kumi na tisa Mama Stoo hakuruhusu kikombe kiwekwe pale, wala simu, wala kiwiko cha mteja mwenye maneno mengi. Kizingiti kilikuwa na kazi yake. Kila asubuhi, kabla kompresa haijaanza kukoroma, alichungulia gari lililopandishwa jeki, akapiga hesabu zake kimya kimya, akaweka pale soketi, kile kichwa cha chuma cha kufungulia nati, ambayo shemeji yake angeihitaji kwanza. Shemeji akipita aliitwaa bila kuitazama, kama mtu anavyotoa ufunguo wa nyumba yake mfukoni, akaichomeka kwenye mashine ya upepo, na siku ikaanza. Hapakuwa na naomba wala ahsante. Kuna watu wameoana miaka hamsini na hawajafika hapo.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, yule aliyeianzisha gereji. Mtaa mzima ulimwita Kipimo, kwa sababu alikuwa akipapasa nati kwa kidole gumba anasema, "Kumi na saba," na ukibisha ukaleta spana, ni kumi na saba. Yeye na Mama Stoo waliitana shemeji, na utani wao wateja wapya waliudhania ugomvi. Wateja wa zamani walileta magari mapema ili wasiukose.

Ndani ya stoo kulikuwa na trei mbili. Ya kushoto ilikuwa ya soketi za kung'aa, za kufungulia kwa mkono. Ya kulia ilikuwa ya soketi nyeusi, za mashine. Marehemu ndiye aliyemfundisha, wiki ya kwanza tu alipomkabidhi funguo.

"Usiniulize majina ya chuma," alimwambia. "Hii ya kung'aa ni ngumu, lakini ugumu wake ni wa sahani. Ukiisukuma taratibu kwa racheti, ule mpini wa mkono, itakutumikia mpaka uchoke wewe. Sasa ile mashine haisukumi. Inapiga nyundo ndogo ndogo huku inazunguka. Sahani haipigwi nyundo. Hii nyeusi ukuta wake mnene, chuma chake kina subira, ikipigwa inameza."

"Basi nyeusi ndiyo mke," Mama Stoo akasema, "na ya kung'aa hawara."

Marehemu alicheka hadi akashika meza. Lakini hakumwacha hivihivi. Alimfanya atie kidole ndani ya kila moja ahesabu pembe: nyeusi zote pembe sita, zinakumbatia nati ubavu kwa ubavu, za kung'aa nyingi pembe kumi na mbili, zinashika kwa ncha. Akamwonyesha tundu dogo shingoni mwa ile nyeusi, la kupitisha pini ili isichomoke mashine ikiwaka. "Rangi hutoka," alimwambia. "Pembe, ukuta na tundu havitoki." Mama Stoo aliitikia ndiyo, ndiyo. Kisha miaka ikapita, trei zikabaki mahali pake, na yeye akabaki na rangi tu, maana rangi ilikuwa rahisi.

Yaliyotokea yalianza Jumatano. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe stoo, aliweka kizingitini soketi namba kumi na tisa badala ya ishirini na moja. Kipimo aliichomeka mashineni, akaipeleka kwenye nati, ikagoma kuingia. Akaichomoa, akaja nayo mpaka mbele ya wateja watatu waliokuwa kwenye benchi, akainyanyua juu.

"Jamani, tuna msiba. Macho ya shemeji yangu yametutoka."

Benchi likacheka.

"Nilikupa ndogo makusudi, shemeji," Mama Stoo akajibu kutoka dirishani. "Nimeona siku hizi na wewe umepungua."

Benchi likacheka zaidi, mmoja akamwaga chai. Kwa watu wote Mama Stoo ndiye aliyeshinda. Lakini neno la Kipimo lilikuwa limeingia mahali, kwa sababu lilikuwa kweli. Ilikuwa miezi miwili sasa zile namba zilizochongwa ubavuni mwa soketi zinamwogelea kama viluwiluwi, naye hakumwambia mtu.

Saa ya chai Kipimo hakuachia. "Shemeji, wewe bila rangi umekwisha. Nyeusi kulia, nyeupe kushoto. Siku panya akizichanganya tutafunga gereji."

"Na wewe je?"

"Mimi rangi ya nini? Nikishika najua. Hata uipake masizi, hata uivishe koti la mvua. Mkono wangu haudanganywi."

"Haudanganywi?"

"Jaribu."

"Jumamosi, saa hii hii ya chai, mbele za watu," Mama Stoo akasema. "Atakayeshindwa anavaa aproni na kupika chai mwezi mzima."

Binti yake Mama Stoo, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa gereji tangu baba yake afariki, alisikia yote hayo kutoka mezani kwake akatikisa kichwa. "Wazee wangu," alisema, "mtakuja kukua lini?"

Jioni ile Mama Stoo alimvuta binti pembeni, akamwomba amtafutie nafasi kwa daktari wa macho, na asimwambie baba yake mdogo.

Alhamisi, mafundi walipokwenda kula, Mama Stoo alifunga mlango wa stoo kwa ndani. Alichagua ishirini na moja ya kung'aa, kuukuu, iliyoanza kubanduka. Akachukua kopo la rangi nyeusi ya mabomba ya moshi na brashi iliyobaki nywele chache kama masharubu ya paka. Akaipaka mara tatu. Kila mkono wa rangi ulipoanza kushika aliinyunyizia masizi, ikawa na ukwarukwaru ule ule wa kiwandani. Alipomaliza aliishika mbali na uso, akaisogeza karibu, akaiweka pamoja na za mashine, akashindwa kuitambua mwenyewe. Akacheka peke yake kama msichana aliyeficha kiatu cha mwalimu.

Wazo la kuitia alama lilimpitia. Tone la rangi ya kucha ndani, pale pasipoonekana. Akalitupa. Alama ya nini, na soketi itakaa kwake mpaka Jumamosi?

Rangi ilihitaji jua. Na ndani ya stoo ile jua lilifika mahali pamoja tu. Akaiweka kizingitini.

Jioni aliigusa, ikamganda kidole. Iache ilale, alisema. Kesho nitakuwa wa kwanza kufika, kama siku zote.

Lakini alfajiri binti alimpigia simu: daktari wa macho siku hiyo yuko asubuhi tu, asikose. Mama Stoo akavaa kiatu cha kutokea, akaenda. Alikuwa kwenye foleni, mtu wa tisa, soketi ilipomrudia kichwani. Aliiona pale ilipo, nyeusi, kavu sasa, katikati ya kizingiti. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani. Neno moja kwa binti lingetosha: ondoa kile kitu dirishani.

Ila binti angeuliza kwa nini. Kipimo angekuwa karibu, Kipimo ana masikio ya sungura, na utani wote ungekufia hapo. Tena leo Kipimo ana kazi ya kushusha injini, Mama Stoo alijipa moyo, kazi ya mkono mtupu, mashine ya upepo haitatoka. Akakaza zipu ya mkoba. Mtu wa nane akaingia.

Hilo ndilo alilokuja kulirudia baadaye kuliko rangi, kuliko masizi. Sauti ya ile zipu.

Alitoka na miwani mpya. Ilikuwa ya fremu nyekundu, maana alikusudia ionekane. Njiani alisoma kila kibao kwa sauti ya chini, mpaka namba za magari, akapanga atakavyosimama dirishani akae kimya, amwache Kipimo aanze mwenyewe. Alipofika getini kompresa ilikuwa imezimwa. Hakukuwa na mtu kwenye benchi. Pikapu moja ilikuwa juu ya jeki, gurudumu la mbele limelegezwa nati moja, na chini yake palikuwa na matone yaliyokuwa yameshaanza kukauka kingoni. Aliyaona vizuri sana. Miwani ilikuwa nzuri.

Yaliyotokea alisimuliwa. Mwenye injini hakuja. Akaja mwenye pikapu na gurudumu lake lililopata pancha. Kipimo alipita dirishani, akakuta ishirini na moja imewekwa, akadhani shemeji ameitanguliza tangu jana, akaitwaa. Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa imekula kutu, akaikazia mashine, akaegemea. Mlio ulikuwa kama sahani iliyoanguka sakafuni. Soketi ilifunguka vipande viwili na kipande cha tatu, kidogo kama ukucha, hakikuonekana. Kilikuwa ndani ya jicho lake la kushoto. Miwani ya kazi ilikuwa msumarini, imevaa vumbi, na siku zote ilikuwa pale.

Hospitalini walisema jicho litajua mchana na usiku, basi.

Binti aliokota vipande akaviweka juu ya meza. Kwenye mpasuko rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake chuma kinang'aa. Alikitazama sana. "Tumeuziwa bandia, mama," alisema. "Wanapaka rangi takataka wanatuletea." Mama Stoo alifungua mdomo. Binti alikuwa ameshashika simu, anampigia mwenye duka la vifaa, na aliyomwambia mtu yule hayakuwa maneno ya kusahaulika kesho. Mama Stoo akafunga mdomo. Akajiambia nitasema baadaye, akitulia. Majuto ni mjukuu, watu husema. Yake yalikuja kama mkwe, yakakaa sebuleni na kusubiri kuhudumiwa.

Siku ya sita alikwenda kumwona mgonjwa. Mke wa Kipimo alimpokea mlangoni. "Karibu, dada. Pengine wewe atakuchekea. Sisi hatuchekei." Kipimo alikuwa kwenye benchi la uani, nusu ya uso imefungwa kitambaa cheupe. Ovaroli yake ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa juu ya kabati lililoonekana mlangoni. Nani hupiga pasi ovaroli? Mama Stoo aliitazama. Kwa hiyo alifanya alichokijua.

"Shemeji, sasa ukimkonyeza mwanamke, atajuaje?"

Kipimo alitabasamu upande mmoja. "Umevaa miwani."

"Nimevaa."

"Nyekundu."

"Ili nionekane nikikuletea ndogo."

Hakucheka. Aligeuza kiganja chake juu akakitazama kwa jicho lililobaki. "Sirudi kazini, shemeji."

"Nati moja inahitaji macho mangapi?"

"Jicho si neno. Ni huu mkono. Umeshika kitu kibovu haukuniambia kitu. Miaka thelathini na mbili, halafu unanyamaza. Leo ni jicho langu. Kesho gurudumu la mtu linachomoka njiani na watoto ndani."

"Mkono wako mzima," Mama Stoo alisema.

"Umekwisha."

Maneno yalikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Mke wa Kipimo akaleta chai. Mama Stoo akayateremsha nayo. Akaaga mapema, akasema goti linamuuma, na njia nzima goti halikumuuma.

Siku ya kumi na mbili binti alisema, huku anaandika, bila kuinua kichwa: "Baba mdogo ametuma mtu kesho aje kuchukua sanduku lake la vifaa. Anampa fundi mmoja wa mtaa wa pili."

Sanduku lile lilikuwa la marehemu. Alimpa mdogo wake siku alipomkubali kuwa fundi, mbele ya Mama Stoo, na Kipimo siku hiyo alilia akasema ni moshi.

Mama Stoo alivua aproni. Alichukua kopo la rangi, brashi yenye masharubu, akavitia kwenye mfuko pamoja na kile kipande kikubwa cha soketi. Hakuamini kwamba mdomo wake ungefanya kazi peke yake.

Kipimo alikuwa kwenye benchi lile lile. Alivipanga vitu vitatu mbele yake, kimoja kimoja, kama mtu anayeanika samani za nyumba iliyoungua. Kisha alisimama, kwa sababu aliona si haki akae.

"Hiyo soketi si ya duka," alisema. "Ni ya trei ya kushoto. Niliipaka mimi, Alhamisi, kwa ajili ya chai ya Jumamosi. Niliiweka dirishani ikauke. Ijumaa nikiwa kwa daktari niliikumbuka. Simu ilikuwa mapajani. Sikupiga, nisiharibu utani."

Kipimo alikichukua kile kipande. Akatia kidole ndani, kidole kikatembea taratibu kwenye zile ncha, moja, mbili, tatu, mpaka pale zilipokatikia. Akapapasa shingoni, pasipo na tundu. Kwa ndani mke wake alikuwa anaosha vyombo.

"Mkono uliniambia," alisema mwishowe.

"Shemeji?"

"Juzi nilikudanganya hapa. Mkono uliniambia asubuhi ile. Niliiokota, nikahisi nyepesi. Uzito si wenyewe. Nikaunyamazisha. Nikasema hii imetoka dirishani kwa shemeji, wewe mkono ni nani?" Alikiweka kipande chini. "Halafu nikiwa kitandani nikasema, macho yake. Ametia mkono trei siyo, macho yamemwisha, na nilimcheka mbele za watu juzi tu. Nikisema nilihisi, wataniuliza nani aliiweka. Binti yako atakutoa stoo. Utakaa nyumbani ufanye nini, uhesabu kuku? Nikaona bora iwe mkono wangu ndio uliokwisha. Mimi nina pa kukaa. Nina mke, nina benchi."

Mama Stoo alivua miwani yake.

"Yangekuwa macho, shemeji," Kipimo alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ningenyamaza mpaka nizikwe. Kumbe macho yalikuwa mazima."

"Si mazima sana," alisema, akajisikia mjinga kabla neno halijaisha kutoka.

"Nenda nyumbani."

"Shemeji, nisamehe."

"Nimesikia. Nenda nyumbani."

Siku hiyo hiyo alimwambia binti. Binti hakupiga kelele. Alimtazama mama yake kama anavyotazama gari lililoletwa na mtu anayesema lina tatizo dogo tu. Kisha akavaa viatu, wakaenda pamoja kwa mwenye duka la vifaa, na Mama Stoo akayarudia yote tena, amesimama katikati ya rafu, mbele ya wateja wawili asiowajua. Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho. "Mama," alisema, "mimi nilifikiri ni wewe mmoja tu unayeniamini pale." Wanaume siku hizo walikuwa wanamwambia maneno mafupi mafupi, na kila moja lilimtosha.

Alimkabidhi binti funguo za stoo. Binti alizishika kidogo akazirudisha. "Kaa," alisema. "Baba mdogo amesema ukae. Ila kizingiti hakitumiki tena."

Sanduku halikuchukuliwa. Jumatatu ya wiki iliyofuata Kipimo alirudi, ovaroli bado ina mistari ya pasi, na miwani ya kazi usoni. Wateja wa zamani walijaa benchi wakisubiri. Mama Stoo alisimama dirishani na maneno matatu manne ameyaandaa, yote ya kujichekea mwenyewe, maana ndiyo pekee aliyoona ana haki nayo. Kipimo alikuja, akasimama kama mteja.

"Mama Stoo, naomba ishirini na moja ya mashine."

Hakuwahi kumwita hivyo. Jina hilo lilikuwa la watu wengine.

Akampa, mkononi. Kipimo akaigeuza kwenye mwanga, jicho la kulia likachungulia ndani, kidole kikahesabu pembe, kikatafuta tundu. Akaigonga mara moja kwenye chuma cha benchi, akatega sikio. "Ahsante," alisema, akaenda. Wateja walisubiri kidogo, wakaanza kuongea habari za mvua.

Kile kipande kikubwa binti alikipigilia msumari juu ya dirisha, rangi imekwanguliwa upande mmoja ili chuma kinachong'aa kionekane. Ni cha mafunzo. Fundi mpya akija, kazi ya kumweleza ni ya Mama Stoo. Anamfanya atie kidole ndani ahesabu pembe, anampa nyeusi na ya kung'aa apime uzito kiganjani, anamwonyesha ukuta mnene na tundu la pini, anamwambia rangi asiiamini. Anafundisha vizuri, kama alivyofundishwa. Wote huuliza swali moja mwishoni, nani aliipaka ile, naye hujibu, "Mimi," halafu anaendelea na jinsi ya kuzipangusa mafuta.

Kizingiti bado anakifuta kila asubuhi, kabla ya kompresa. Bado anachungulia gari lililo kwenye jeki, na bado anajua ni namba gani. Anaishika mkononi, nyuma ya dirisha, anangoja aombwe.